Darubini ya Watu Watatu

Mwenye duka la bunduki alikuwa na swali moja tu, na alikuwa amelirudia mpaka limemchosha.

"Nani anapiga?"

"Sisi," alijibu Brigedia.

"Sisi nani?"

"Si unatuona, mama? Mimi na wadogo zangu."

Yule mama akavua miwani, akaiacha ining'inie kifuani kwa uzi wake mweusi, akawatazama mmoja mmoja. Mbele yake, juu ya kaunta ya kioo, ilikuwa imelala bunduki ya marehemu baba yao, bunduki ya kuwindia ya zamani, kitako chake cha mti kimeng'aa kwa jasho la mashavu. Walikuwa wameileta kuitafutia darubini ya kulengea. Jambo dogo. Watu wengine huingia, huchagua, hufungiwa, huenda zao. Hawa watatu waliingia duka likifunguliwa, na sasa jua lilikuwa utosini.

Jembe, mtoto wa kati, aliegemea kabati la mafuta ya bunduki akashika tama. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Kule nyumbani nguruwe walikuwa wanashiba.

Maana shida yenyewe ilikuwa nguruwe. Shamba la mahindi la mama yao lilikuwa ukingoni mwa msitu, na msimu uliopita nguruwe mwitu walilifyeka mpaka mama akavuna mabua. Mwaka huu mahindi yalikuwa yamebeba vizuri, yameanza kukauka, na tayari safu za pembeni zilikuwa zimeonjwa. Mama akakata shauri. Aliwaambia wanawe, bila kupandisha sauti, kwamba shamba likiliwa tena atalikodisha kwa jirani, nyumba ataifunga, na yeye atakwenda kukaa kwa mdogo wake. Hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Begi lake lilisimama nyuma ya mlango, limefungwa, na mto wake wa kulalia umo ndani. Usiku alikuwa analalia koti lililokunjwa.

Kwa Brigedia na Mtandao, mama akihama ni huzuni. Kwa Jembe ni huzuni na njaa. Yeye ndiye aliyelima shamba lile, ndiye aliyeishi na mama katika nyumba ile, na hakuwa na kazi nyingine duniani. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kumsaliti. Zile ncha mbili za chuma za kulengea, ya nyuma na ya mbele, ikifika jioni zilikuwa zinayeyuka zikawa kitu kimoja, na nguruwe akayeyuka nyuma yake. Ndiyo maana akasema bunduki itiwe darubini.

Kosa lake ni kwamba alisema mbele ya ndugu zake.

Baba yao alipofariki, wazee wa ukoo waliamua kila kitu kigawanywe sawa kwa sawa, asije mtu akalalamika. Ndugu hawa wakalishika neno hilo kwa mikono miwili. Redio ya baba ilihama nyumba kila mwezi mpaka ikafia njiani. Ngazi yake ndefu waliikata vipande vitatu, na tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyefika darini. Bunduki tu ndiyo haikukatika. Kwa hiyo kila mmoja alichukua kibali chake, na kila mmoja akawa na haki yake juu ya mtutu, kitako, na sasa darubini.

"Nisikilizeni," alisema mama mwenye duka. "Darubini ni kama meno ya bandia. Yanachongwa kwa mdomo wa mtu mmoja. Siwezi kuwapa seti moja mkapokezana."

"Sisi kwetu kila kitu ni sawa kwa sawa," alisema Brigedia.

"Hata meno?"

Mtandao alicheka, kisha akauona uso wa kaka yake, kicheko akakigeuza kikohozi.

Brigedia hakuwahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa geti katika kiwanda cha unga, lakini miaka mingi ya kupigia magari saluti ilikuwa imemnyoosha mgongo na kumpa sauti. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, mikono mirefu, na akishika bunduki alirudisha kichwa nyuma kama mtu anayefunua chungu cha moto. Mtandao, kitinda mimba, alikuwa fundi simu, miwani mizito puani, na hakuna jambo ambalo hakuwa amelisoma kwenye simu, pamoja na yale yasiyo ya kweli. Jembe mwenyewe alikuwa mfupi, kifua kipana, shingo hana. Akilenga, shavu lake lilipanda juu ya kitako mpaka pua ikakaribia bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani.

"Mtu mwenye shingo hii," mama mwenye duka alimwonyesha Brigedia kwa kalamu, "anataka darubini ifungwe nyuma, imfuate. Huyu asiye na shingo anataka isogezwe mbele, imkimbie. Kati ya jicho na kioo kuna nafasi yake. Ukiwa mbali unaona tundu la sindano. Ukiwa karibu, bunduki ikipiga teke, ile chuma inakupasua hapa." Akajigusa juu ya nyusi. "Wateja wangu wenye alama hiyo nawajua hata wakivaa kofia."

"Sisi si wageni wa bunduki," alisema Brigedia. "Tuletee kubwa."

Akaileta, ndefu na nene kama chupa ya chai, inayovuta kuliko zote dukani. Akaileta na nyingine yenye taa nyekundu ndani, ambayo Mtandao alikuwa ameisomea toka nyumbani. Mwisho akachomoa chini ya kaunta ndogo moja, fupi, isiyo na mbwembwe, akaiweka mbele ya Jembe bila kusema neno.

Hakuruhusu mtu kulenga barabarani. Aliichomoa bolti, akaitia mfukoni mwa aproni, akawapeleka uani, penye uchochoro mrefu na tangi la maji mwishoni.

Brigedia alianza. Akaichungulia ile kubwa muda mrefu, midomo imembenuka.

"Naliona jina la kiwanda," alisema. "Naiona mpaka kutu. Kuna mjusi."

"Mjusi halili mahindi," alisema Jembe.

"Nataka kumwona nguruwe kope zake."

"Mimi nataka kumwona nguruwe mzima, kaka. Kope zake sina shida nazo."

Mtandao alikuwa na simu mkononi. "Kuna jamaa hapa anasema hii yenye taa alimpigia mnyama kutoka ng'ambo ya bonde."

"Sisi tuna bonde?"

"Hatuna."

"Basi mwambie huyo jamaa aje na bonde lake."

Jembe alijaribu kueleza, kwa utaratibu, kama anayemweleza mlevi njia. Nguruwe hutoka kichakani jua likizama. Kutoka kichanja cha kulindia mpaka safu za pembeni si mbali, ni kama kutoka hapa mpaka kwenye lile tangi. Kinachotakiwa ni darubini isiyovuta sana, inayopokea mwanga, inayomwonyesha mnyama mzima giza likianza kuingia. Akaomba kitu kimoja tu: wangoje hapa hapa mpaka jioni, wazijaribu zote wakati ule ule ambao nguruwe hutoka.

"Neno la maana la kwanza nalisikia tangu asubuhi," alisema mama mwenye duka.

"Jioni niko getini," alisema Brigedia. "Mnataka nifukuzwe kazi kwa ajili ya nguruwe?"

"Jioni ndiyo wateja wangu wanatoka kazini," alisema Mtandao.

"Basi tuchukue hii ndogo."

Brigedia aliinyanyua ile ndogo kwa vidole viwili kama aliyeokota kitu cha mtoto. "Hii? Kwenye bunduki ya baba? Baba angeficha uso kwa aibu."

Wakapiga kura, kwa kuwa ukoo ule ulikuwa unapiga kura hata juu ya chumvi. Kila mmoja akaipigia yake. Wakapiga tena, ikawa vile vile. Ndipo Mtandao, aliyekuwa amebandika pua kwenye kabati, akagundua darubini nyingine iliyokuwa kubwa na yenye taa pia.

"Hii ina vyote," alisema.

Kura mbili kwa moja.

"Haya," alisema mama mwenye duka kwa sauti ya mtu aliyenawa mikono. "Niifunge kwa jicho la nani?"

Watatu wakatazamana.

"Weka katikati," alisema Brigedia.

"Katikati ya nini?"

"Pima kwangu, pima kwa huyu mfupi, uweke katikati. Asionewe mtu."

Yule mama akavaa miwani, akapima jicho la shingo ndefu, akapima jicho la asiye na shingo, akatia alama ya penseli katikati ya zile mbili, na akaifunga darubini mahali ambapo hapajawahi kuwa na jicho la mtu yeyote. Akawapeleka kwenye ua wa majaribio nyuma ya kiwanda cha matofali, akaisawazisha yeye mwenyewe juu ya mifuko ya mchanga mpaka risasi zikaingia palipotakiwa. Akawakabidhi.

"Vile vifundo viwili chini ya vifuniko msiviguse," alisema. "Nimekwisha kuvisawazisha. Na ikiwashinda, irudisheni kabla haijachubuka. Nitabadilisha."

"Haitatushinda," alisema Brigedia.

Zamu zikagawanywa sawa kwa sawa.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya Brigedia, ambaye aliomba ruhusa kazini akapanda kichanjani na kofia yake ya ulinzi. Jembe na mama walisikia mlio mmoja, kisha kimya, kisha viatu vinateremka.

"Vipi, kaka?"

"Niliona manyoya."

"Ya nguruwe?"

"Manyoya tu, ndani ya katundu kadogo. Nikizungusha huku, manyoya. Nikizungusha kule, manyoya. Sikujua niko kichwani au matakoni. Nikaona nipige hapo hapo."

"Na ulikuwa umeivuta mpaka mwisho?"

"Sasa kama inavuta, kwa nini nisiivute?"

Mama alisema, "Haya, baba, njoo ule," akaenda jikoni. Jembe alitoka nje akapumua.

Jioni iliyofuata alikuja Mtandao. Aliwasha taa ya ndani ikawa kama kaa la moto, haoni kitu ila wekundu, na katika wekundu ule akapiga risasi moja nzuri iliyopita katikati ya ndoo ya mama ya kumwagilia. Nguruwe walikimbia kwa heshima kidogo, wakarudi kumalizia.

"Ilisimama kama nguruwe," alisema Mtandao.

"Ndoo?"

"Kwa pembeni."

Ya tatu ikawa ya Jembe. Alipanda mapema, akairudisha pete ya kuvuta mpaka mwisho wa chini, akazima taa. Kichwa alijitahidi kukiweka nyuma kama alivyoonywa, shingo ambayo hana akainyoosha mpaka misuli ikamuuma. Jua likazama. Kichaka kikatikisika, na akatoka jike mkubwa mwenye sikio lililopasuka, kiongozi wa kundi lile, akasimama upande upande kama aliyekuja kupigwa picha. Jembe alimjua. Mwaka uliopita alimfukuza kwa mawe. Akashusha pumzi nusu. Lakini mwili una mazoea yake: shavu likapanda lenyewe, likafika pale linapofika siku zote, na kidole kikavuta.

Kilichofuata alikiona kwa jicho moja tu, kwa sababu la pili lilikuwa limejaa damu. Yule nguruwe hakuanguka. Hakukimbia hata kidogo. Aligeuza kichwa, akamtazama yule mtu wa juu ya kichanja, kisha akainama akaendelea na mhindi wake.

Mama alimwosha jeraha kwa tambara na maji ya uvuguvugu. Lilikuwa limekaa juu ya nyusi kama mwezi mwandamo.

"Nguruwe amekupiga?"

"Darubini."

"Aha." Akalikamua lile tambara. "Jirani amesema atakuja Jumamosi kulipima shamba."

Alikwenda nyuma ya mlango, akalichukua begi, akalihamishia mbele ya mlango.

Asubuhi Jembe aliwapigia ndugu zake simu. Hakusalimia. Alisema, "Njooni," akakata.

Walipofika walikuta amesimamisha ubao mweupe mbele ya kichuguu, na bunduki imelazwa juu ya magunia ya mchanga ili isisingiziwe mkono wa mtu. Akapiga, safari hii uso ameuweka mbali kama anayenusa kitu kilichooza. Ubao haukuguswa. Akapiga tena. Vumbi likaruka juu ya kichuguu, kulia kabisa, mahali ambapo hata kipofu asingelenga.

"Yule mama aliisawazisha mbele ya macho yetu," alisema Jembe. "Risasi zilikuwa zinaingia kwenye duara dogo kama kisahani. Nani ameigusa?"

Brigedia alikuwa anatazama mawingu.

"Kaka."

"Nilirekebisha kidogo," alisema Brigedia. "Nilipomkosa yule, nikaona inapiga chini. Nikazungusha kile kifundo cha juu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka kikakataa."

Jembe alimgeukia Mtandao. Mtandao alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

"Mimi niligusa cha pembeni tu," alisema. "Ile ndoo ilinipa picha kwamba inavuta kushoto."

"Ulikuwa umeilenga ndoo?"

"Nililenga nguruwe."

"Kumbe ndoo ilikuwa wapi?"

"Kushoto."

Jembe alikaa juu ya gunia. Alikaa kwanza ili asisimame, maana akisimama angeweza kufanya jambo. Damu ilikuwa inamchemka na kidonda kilikuwa kinadunda pamoja nayo. Alipopata sauti, ilitoka ndogo.

"Mnajua hii darubini inamfaa nani? Haimfai kaka, anaona tundu la sindano. Haimfai huyu, anaona moto. Mimi imenipasua uso. Tumenunua darubini ya mtu wa nne, na huyo mtu wa nne hayupo. Ngazi tulikata, nikanyamaza. Sasa mama analalia koti."

"Usinipandishie sauti," alisema Brigedia, ingawa sauti haikuwa imepanda. "Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Sawa. Chukua bunduki."

"Nini?"

"Ichukue, iwe yako. Turudi dukani, darubini ifungwe kwa shingo yako, mimi na huyu tusiiguse tena. Ila kila jioni, kuanzia leo mpaka mama avune, wewe ndiye uwe juu ya kile kichanja. Ukiumwa, uwe juu. Mvua ikinyesha, uwe juu."

"Nina geti, wewe. Unajua nina geti."

"Haya, mdogo wangu?"

Mtandao alitikisa kichwa. Duka lake lilikuwa linaishi kwa jioni.

"Basi anayekaa hapa ni nani?"

Brigedia alichuchumaa kando ya bunduki, akapitisha kiganja juu ya kitako, pale palipong'aa.

"Baba alinifundisha mimi kwanza," alisema. Ile sauti ya getini haikuwepo. "Kabla ninyi hamjaweza hata kuinyanyua. Sina kitu kingine cha baba. Kipande cha ngazi tu."

"Najua, kaka. Na mimi nani alinifundisha?"

Brigedia aliondoa kiganja kwenye kitako.

"Ulinishika shavu hapa," Jembe aligusa shavu lake, "ukalibandika kwenye mti ukasema liache hapo hapo hata nzi akitua puani. Hilo ndilo shavu lililopanda jana. Ninapiga kama ulivyonifundisha wewe."

Mtandao alirudisha miwani puani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na alichosoma.

Brigedia aliinuka, akapangusa magoti. "Turudi kwa yule mama," alisema. "Na mtu asiniongeleshe njiani."

Mama mwenye duka aliona jeraha kabla hajaiona bunduki.

"Karibuni tena," alisema. "Naona mmoja tayari nimempigia mhuri."

Akaifungua ile darubini kubwa, akaichunguza kwenye mwanga, akaona haijachubuka. Akaviona vile vifundo vilipofika. Aliguna tu, mguno mrefu wa mtu aliyewahi kufunga ndoa. Kisha akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Nani anapiga?"

Jembe hakujibu, kwa sababu jibu halikuwa lake kutoa. Mtandao alitazama viatu vyake. Brigedia alitazama ukuta, pale lilipokuwa tangazo la mafuta ya bunduki, akalisoma lote toka juu mpaka chini.

"Huyu," alisema hatimaye, akielekeza kidevu. "Mdogo wangu. Nimemfundisha mwenyewe."

"Kumbe mlikuwa mnalijua jibu," alisema yule mama, akainama chini ya kaunta. Ile ndogo ilikuwa pale pale alipoirudisha siku ile.

"Usifunge bado," alisema Brigedia. "Tungoje jua lizame, tuzione zote mbili."

Jembe alimgeukia. "Na geti?"

"Nimempigia mwenzangu ananishikia. Usinitazame hivyo."

Jioni walikwenda uani. Ndani ya ile kubwa tangi lilikuwa donge jeusi, wala mjusi hakuonekana wala kutu. Ndani ya ile ndogo tangi lilisimama zima, pembe zake zote, na bomba lake, na ndege mmoja juu ya mfuniko. Brigedia alichungulia mara ya kwanza, akachungulia ya pili, akasema tu, "Hm." Kwake hilo lilikuwa hotuba.

Mama mwenye duka alipima jicho moja, akatia alama moja ya penseli, akaifunga mbele, mbali na uso wa Jembe. Asubuhi yake, ambayo ilikuwa Ijumaa, akaisawazisha kule nyuma ya kiwanda cha matofali, na Jembe mwenyewe ndiye aliyevuta kidole, shavu likiwa mahali pake. Waliporudi dukani yule mama akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akapaka juu ya vifuniko vya vile vifundo, rangi nyekundu, akaipuliza ikauke.

"Atakayefungua, itapasuka nami nitajua," alisema, huku anamtazama Mtandao.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu kaka yako mkubwa ameshaona aibu. Wewe bado."

Kilibaki kisanduku cha darubini, kilichotandikwa kitambaa laini ndani, pamoja na kijitabu cha maelezo. Jembe alitaka kukiacha pale dukani. Brigedia alikohoa.

"Sawa kwa sawa," alisema.

Basi Brigedia akachukua kisanduku, Mtandao akachukua kijitabu akaanza kukisoma hapo hapo, na Jembe akachukua darubini. Mama mwenye duka aliwasindikiza mpaka nje, nyuma yao wakasikia komeo.

Jioni ile ile Jembe alipanda kichanjani. Ndugu zake walikuwa kwenye kazi zao. Nyumba ilikuwa kimya, mlango wazi, begi kizingitini. Giza lilianza kutoka upande wa msitu, kichaka kikatikisika, na yule jike mwenye sikio lililopasuka akatoka kwanza kama kawaida yake, wenzake nyuma, wadogo katikati. Alisimama akanyanyua pua kuelekea kichanjani. Pengine alimkumbuka.

Jembe aliweka shavu kwenye mti, pale lilipozoea. Kioo kilijaa mwanga. Nguruwe alikuwa mzima ndani yake, kichwa, bega, mgongo, na nyuma yake mabua ya mahindi moja moja. Kope hazikuonekana. Ile mistari miwili ilikata msalaba juu ya bega, akashusha pumzi nusu, akavuta.

Nguruwe alianguka palepale alipokuwa. Kundi lilisambaa kwa kelele, likaingia msituni, na zile kelele zikaenda zikififia mbali. Jembe alingoja. Alijua kundi likipoteza jike wake mkubwa halirudi upesi mahali hapo. Alingoja mpaka msitu ukatulia kabisa, kisha akagusa juu ya nyusi. Pakavu.

"Umempata?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Yule yule, mama. Mwenye sikio."

"Ndiye aliyekuwa anawaleta."

"Ndiye."

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa Brigedia, na nyuma yake ulisikika mlio wa lori likingoja kufunguliwa geti.

"Nimemaliza, kaka," alisema Jembe. "Risasi moja."

"Si niliwaambia?" alisema Brigedia. "Siku ya kwanza pale dukani, si nilisema hii ndogo ndiyo yenyewe? Ninyi mkakazania kubwa."

Jembe aliishusha simu kutoka sikioni, akaitazama. Maneno yalimjia mengi, yote mazuri, mengine ya kumhusu mjusi. Lori lilipiga honi. Akairudisha sikioni.

"Kafungue geti, kaka," alisema, akakata.

Aliteremka, akaiweka bunduki mahali pake, akanawa mikono. Mama alikuwa amekaa kizingitini kando ya begi lake, anamenya mhindi mmoja aliouchuma pembeni, uliopona.

"Shingo inaniuma," alisema bila kuinua macho. "Nitolee ule mto wangu humo begini."